Kwa Njia Ngapi? Swali Linalofichua Undani wa Namba

Chukua namba 30 uiandike kama jumla ya namba za mraba, yaani namba kama 1, 4, 9, 16 na 25 zinazopatikana kwa kuzidisha namba nzima kwa yenyewe, na miraba hiyo isizidi minne. Ukijaribu kidogo utapata 25 na 4 na 1. Ukiendelea utapata 16 na 9 na 4 na 1. Baada ya hapo hakuna nyingine, hata ukeshe ukitafuta. Wengi wakishapata jibu la kwanza huweka kalamu chini: swali lilikuwa kama jambo linawezekana, na limewezekana. Makala haya yanatetea swali la pili, lile la kuuliza ni kwa njia ngapi. Kwa haraka linaonekana swali la kujipa kazi bure. Mimi nashikilia kinyume chake. Kuuliza kama inawezekana hutupa ndiyo au hapana, na ndiyo zote zinafanana. Idadi ya njia hubeba habari za namba yenyewe, vigawo vyake ni vipi, ni tasa au si tasa. Zaidi ya mara moja katika historia ya hisabati, idadi hiyo ndiyo iliyofika mahali ambapo ndiyo na hapana zilikwama.

Tuanze na miraba miwili tu, maana huko ndiko jambo lenyewe lilikoanzia. Diophantus, aliyeishi Alexandria katika pwani ya Misri na ambaye kwa kawaida huwekwa katika karne ya 3, alieleza katika kitabu chake cha Arithmetica kwamba 65 hugawanyika katika miraba miwili kwa njia mbili, na akataja na sababu: 65 ni 5 mara 13, na kila moja kati ya hizo mbili ni jumla ya miraba miwili. Ni kweli, kwa sababu 65 ni 64 na 1, tena ni 49 na 16. Miaka mingi baadaye Pierre de Fermat, mwanasheria wa Toulouse nchini Ufaransa aliyefanya hisabati kwa mapenzi tu, alimwandikia Padri Marin Mersenne barua ya tarehe 25 Desemba 1640 akilipeleka jambo hili mbali zaidi. Namba shufwa ukiizidisha kwa yenyewe, jibu hugawanyika kwa 4 bila baki; namba witiri ukiifanyia hivyo, baki ni 1. Kwa hiyo jumla ya miraba miwili ikigawanywa kwa 4 hubakiza 0, 1 au 2, na kamwe haibakizi 3. Hilo linaziondoa 3, 7, 11, 19 na wenzao wote mara moja. Fermat alidai kwamba namba tasa zinazobakiza 1, yaani 5, 13, 17, 29 na kuendelea, zote bila kuacha hata moja ni jumla ya miraba miwili, na kila moja ni kwa njia moja tu. Sehemu hii ya pili ya dai ndiyo ambayo wasimulizi huipita upesi, ilhali Fermat mwenyewe hakuipita. Alisema kwamba namba tasa ya aina hiyo huwa upande mrefu wa pembetatu mraba mara moja, mraba wake huwa mara mbili, kipeo chake cha tatu mara tatu, na kuendelea hivyo. Mtu yeyote mwenye karatasi anaweza kuhakiki: 5 ina pembetatu ya 3 na 4, 25 ina ya 7 na 24, pia ya 15 na 20, 125 ina ya 35 na 120, ya 44 na 117, na ya 75 na 100. Yaani tangu mwanzo kabisa, aliyeligundua jambo hili alikuwa akihesabu njia, hakuishia kuuliza kama njia ipo.

Fermat hakuacha uthibitisho kamili. Aliyeukamilisha ni Leonhard Euler, baada ya miaka ya kuandikiana barua na rafiki yake Christian Goldbach, na mnamo 1749 kazi ilikuwa imekwisha. Lakini mfano ninaoupenda zaidi kutoka kwa Euler ni wa 1778, wakati yuko St. Petersburg, mzee, macho yake yakiwa karibu hayaoni kabisa. Aliuliza kama namba 1,000,009 ni tasa au la. Njia moja ya kuiandika kwa miraba miwili iko wazi: 1000² na 3². Kama swali ni la kuwezekana, kazi imeishia hapo na hatujajua lolote kuhusu utasa wake. Euler akatafuta kama kuna njia ya pili, akaipata: 235² na 972². Hapo hapo namba ikawa imejisaliti, kwa maana namba tasa haiwezi kuwa na njia mbili. Na njia hizo mbili hazikuishia kusema kwamba namba si tasa. Zilitaja na vigawo vyake: 293 mara 3413.

Inafaa tukae hapa kidogo, kwa sababu siri yote ya makala haya inaonekana katika mfano huu mmoja, na haihitaji zaidi ya kuzidisha na kutoa. Namba 293 ni 2² na 17². Namba 3413 ni 7² na 58². Sasa zichanganye hizo namba nne. Ukizidisha 2 kwa 7 na 17 kwa 58 kisha ukajumlisha, unapata 14 na 986, ambazo ni 1000. Ukizidisha 2 kwa 58 na 17 kwa 7 kisha ukatoa, unapata tofauti ya 116 na 119, ambayo ni 3. Hizo ndizo 1000 na 3 za mwanzo. Lakini ungeweza kutoa pale ulipojumlisha na kujumlisha pale ulipotoa: 986 kutoa 14 ni 972, na 116 kujumlisha 119 ni 235. Hizo ndizo za pili. Kuna namna mbili za kuunganisha vigawo viwili, ndiyo sababu kuna njia mbili za kuandika zao lao. Kanuni hii ya kuchanganya aliijua Brahmagupta wa India katika karne ya 7, na Leonardo wa Pisa, maarufu kama Fibonacci, aliitumia katika kitabu chake cha miraba cha mwaka 1225. Inaonyesha kwamba idadi ya njia haitokei kwa bahati: kila kigawo kipya cha aina inayofaa huleta uchaguzi mpya, na njia zinaongezeka kwa kadiri ya chaguzi hizo. Kwa hiyo anayehesabu njia anavihesabu vigawo bila kuviona.

Hapa msomaji makini anaweza kuleta pingamizi, na ni la haki. Vitabu vya hisabati vikihesabu njia za 25 kwa miraba miwili haviandiki mbili, yaani 25 na 0 pamoja na 9 na 16. Vinaandika 12. Vinahesabu 3 ikifuatiwa na 4 kuwa njia moja, na 4 ikifuatiwa na 3 kuwa nyingine. Tena vinahesabu hasi 3 mbali na 3, kwa kuwa hasi 3 nayo ikizidishwa kwa yenyewe hutoa 9. Je, huku si kuvimbisha hesabu? Jibu la kwanza ni la kuchora. Chukua karatasi ya mirabamiraba, weka nukta mahali ambapo mistari hukutana, na uchague nukta moja iwe kitovu. Kwa kanuni ya Pythagoras, nukta zilizo umbali wa 5 kutoka kitovu ni 12 kamili, zimekaa juu ya duara moja. Kuziita 3 na 4 sawa na 4 na 3 ni kuzifuta nukta zilizopo. Jibu la pili lina uzito zaidi: hesabu inayopuuza mpangilio na alama inaficha tofauti za kweli. Kwa hesabu hiyo, 25 ina njia mbili na 65 ina njia mbili, na zinaonekana ndugu, ingawa moja ni mraba wa namba tasa moja na nyingine ni zao la tasa mbili tofauti. Ukihesabu kwa ukamilifu, 25 ina 12 na 65 ina 16, na tofauti inajitokeza.

Tena kwa hesabu hiyo kamili kanuni inakuwa nyepesi kiasi cha kufundishika katika kipindi kimoja cha shule. Orodhesha vigawo vyote vya namba yako. Hesabu vile vinavyobakiza 1 ukivigawanya kwa 4, kisha vile vinavyobakiza 3. Toa hesabu ya pili kutoka ya kwanza, na uzidishe kwa 4. Vigawo vya 65 ni 1, 5, 13 na 65, vyote vinabakiza 1, hivyo njia ni 4 mara 4, sawa na 16. Vigawo vya 21 ni 1 na 21 upande mmoja, 3 na 7 upande mwingine. Vinafutana, njia ni sifuri, na kweli 21 haiandikiki kwa miraba miwili. Vigawo vya 45 vinavyobakiza 1 ni 1, 5, 9 na 45. Vinavyobakiza 3 ni 3 na 15. Tofauti ni 2, njia ni 8, na zote zinatokana na 36 na 9. Angalia kilichotokea: swali la kuwezekana limejibiwa njiani, bila kuulizwa. Mwenye idadi anayo ndiyo na hapana ndani yake; mwenye ndiyo hana idadi.

Mchoro ule wa nukta una zawadi nyingine. Carl Friedrich Gauss aliuliza: ndani ya duara lenye nusu kipenyo fulani, nukta ni ngapi kwa jumla? Nusu kipenyo kikiwa 10, nukta ni 317. Ondoa ile ya kitovu, zinabaki 316, nazo ni jumla ya njia za namba zote kuanzia 1 hadi 100. Gawanya kwa 100, wastani ni 3.16. Nusu kipenyo kikiwa 100, nukta ni 31,417. Ondoa kitovu, gawanya kwa namba 10,000 zilizohusika, na wastani ni 3.1416. Ni pai, ile ile ya mzingo wa duara. Sababu yake haina uchawi: kila nukta inamiliki kimraba kimoja cha eneo, kwa hiyo idadi ya nukta inakaribia eneo la duara. Hata hivyo matokeo yake ni ya kushangaza ukiyaweka kando ya ukweli mwingine. Kati ya namba 1 hadi 100, zinazoandikika kwa miraba miwili ni 43. Hadi 1,000 ni 330. Hadi milioni moja ni 216,341, yaani chini ya asilimia 22. Mjerumani Edmund Landau alithibitisha mwaka 1908 kwamba sehemu hiyo inaendelea kupungua hadi kukaribia sifuri kabisa, na Srinivasa Ramanujan aliandika kanuni kama hiyo katika barua yake ya 1913 kutoka Madras kwenda kwa G. H. Hardy wa Cambridge. Anayeuliza kama inawezekana anaona kupungua tu: namba zenye bahati zinazidi kuwa adimu. Anayehesabu njia anaona wastani usiotikisika. Mambo haya mawili yanapatana kwa namna moja pekee: zile chache zinazoweza lazima ziwe na njia nyingi zaidi na zaidi. Hadi 100, kila namba inayoweza ina wastani wa njia 7 na kitu. Hadi milioni, wastani huo umepanda hadi zaidi ya 14. Hilo huwezi kulijua kwa kuorodhesha ndiyo na hapana peke yake. Ama kosa linalobaki kati ya idadi ya nukta na eneo la duara, ukubwa wake kamili haujapatikana hadi leo. Hardy alionyesha mwaka 1915 mpaka ambao kosa hilo haliwezi kushuka chini yake, na M. N. Huxley alisogeza mpaka wa juu mwaka 2003, lakini kati ya mipaka hiyo miwili bado kuna pengo.

Sasa turudi kwenye miraba minne. Mwaka 1621 Claude Gaspard Bachet, alipochapisha kitabu cha Diophantus kwa Kigiriki na Kilatini, alieleza kwamba kila namba nzima huandikika kwa miraba isiyozidi minne. Euler alihangaika na dai hilo kwa miongo mingi, na Joseph-Louis Lagrange ndiye aliyelithibitisha mwaka 1770, akisimama juu ya kazi ya Euler. Kwa swali la kuwezekana, safari ingeishia hapo: jibu ni ndiyo kwa kila namba, na jibu ambalo ni ndiyo kwa kila namba halitofautishi namba yoyote na nyingine. Carl Gustav Jacobi, mwalimu kijana wa Königsberg, akauliza idadi. Kanuni aliyoipata, na inayohusiana na kitabu chake kikubwa cha 1829, ni hii: orodhesha vigawo vya namba yako, acha vile vinavyogawanyika kwa 4, jumlisha vilivyobaki, kisha zidisha kwa 8. Vigawo vya 30 ni 1, 2, 3, 5, 6, 10, 15 na 30, hakuna kinachogawanyika kwa 4, jumla yake ni 72, na 8 mara 72 ni 576. Linganisha na tulichopata mwanzo. Njia ya 25, 4, 1 na 0 ina mipangilio 24, na namba tatu zisizo sifuri zinaweza kuwa chanya au hasi kwa namna 8, kwa hiyo 192. Njia ya 16, 9, 4 na 1 ina mipangilio 24 na alama kwa namna 16, kwa hiyo 384. Jumla ni 576 barabara. Na nadharia ya Lagrange, iliyowatoa jasho wakubwa wale, sasa inaanguka yenyewe kama tunda lililoiva: 1 ni kigawo cha kila namba, kwa hiyo jumla haishuki chini ya 1, kwa hiyo njia hazipungui 8.

Jacobi alifikaje huko? Alipanga mfululizo usio na mwisho unaoanza 1 + 2q + 2q⁴ + 2q⁹ + 2q¹⁶, ambamo vipeo vya q ni namba za mraba, na ile 2 inasimama badala ya namba chanya na hasi yake. Ukizidisha mfululizo huo kwa wenyewe hadi uwe mara nne, vipeo vinajumlishana. Kwa hiyo namba itakayotokea mbele ya q³⁰ ni idadi ya njia za kupata 30 kwa miraba minne, imejihesabu yenyewe. Kilichobaki ni kuujua mfululizo huo kwa sura nyingine, na sura hiyo Jacobi aliitoa katika nadharia iliyozaliwa na maswali ya urefu wa tao la duaradufu na mwendo wa pendulamu. Wapo wanaosema kwamba hapa hisabati imepotea njia: swali la mtoto wa shule limejibiwa kwa zana za wataalamu, na mwenye kuuliza hakuongezewa ufahamu wowote. Pingamizi hilo lina chembe ya ukweli, ndiyo maana Jacobi mwenyewe mwaka 1834 alitoa uthibitisho mwingine unaotumia hesabu za namba nzima tu. Lakini mimi nalisoma jambo hili kwa namna nyingine. Kama idadi ya njia za miraba ingekuwa kitu cha pembeni, isingekutana na pendulamu. Kukutana kwao ni ushahidi kwamba tulikuwa tumeshika uzi mrefu, na wanahisabati walioufuata waliona kwamba nadharia ya mifululizo ya aina hii inagusa karibu kila pembe ya somo lao.

Pingamizi la siku hizi ni jingine: kompyuta ipo, iachiwe ihesabu, kanuni ya nini? Kulijibu kunahitaji tofauti moja ambayo naiona ndiyo hoja nzito kuliko zote. Kutafuta njia moja ya kuandika namba kubwa kwa miraba minne ni kazi rahisi kwa kompyuta. Michael Rabin na Jeffrey Shallit walieleza mwaka 1986 mbinu ya haraka, inayofanya kazi hata kwa namba yenye mamia ya tarakimu, bila kuhitaji kujua vigawo vyake. Kuhesabu njia zote ni habari nyingine kabisa. Chukua 91 ujifanye hujui vigawo vyake, ila kuna mtu amekunong'oneza kwamba ina njia 896 kwa miraba minne, na kwamba ni zao la tasa mbili za witiri. Gawanya 896 kwa 8, unapata 112, ambayo kwa kanuni ya Jacobi ni jumla ya vigawo vyote. Ondoa 1 na 91 yenyewe, inabaki 20. Kwa hiyo tasa mbili zinajumlishwa kuwa 20 na kuzidishwa kuwa 91: ni 7 na 13. Hesabu hiyo hiyo ingefaa kwa namba yenye tarakimu 600. Usalama wa mfumo wa RSA, uliobuniwa mwaka 1977 na kutumika sana kulinda mawasiliano ya intaneti, unategemea ugumu wa kupata vigawo vya namba za namna hiyo. Anayeweza kuhesabu njia kwa haraka anaweza kuvunja kufuli hiyo. Anayeweza tu kutoa njia moja hapati kitu. Pengo kati ya maswali mawili ninayoyalinganisha hapa si la ladha ya wanahisabati, linapimika kwa kazi ambayo kompyuta inapaswa kufanya.

Miraba mitatu naipitia kwa kifupi, ingawa ina ugumu wake. Mraba wowote ukigawanywa kwa 8 hubakiza 0, 1 au 4, na ukijumlisha mitatu huwezi kufikia baki ya 7. Kwa hiyo 7, 15, 23 na 31 haziandikiki, wala namba zinazotokana nazo kwa kuzidisha kwa 4 tena na tena, kama 28 na 60. Adrien-Marie Legendre alionyesha kwamba hizo tu ndizo zilizokosa, na Gauss katika kitabu chake cha 1801 akaifikia idadi ya njia. Idadi hiyo haitokani na jumla nyepesi ya vigawo, bali imefungamana na kitu ambacho Gauss alikuwa akikijenga katika kitabu hicho hicho, yaani kuhesabu familia za semi za kialjebra zenye miraba, na hadi sasa wataalamu wanaitumia kama dirisha la kuangalia familia hizo.

Kuna anayeweza kusema kwamba nimechagua mifano inayonifaa, na kwamba miraba ikizidi kanuni nzuri zinakwisha. Kwa miraba minane bado hali ni njema: kanuni ni ya vigawo vilivyopandishwa kipeo cha tatu. Lakini fika kwenye miraba 24. Ramanujan alichunguza jambo hili katika makala yake ya 1916. Sehemu kubwa ya idadi inatoka kwenye vigawo vilivyopandishwa kipeo cha 11, vikazidishwa kwa 16 na kugawanywa kwa 691, ila hesabu haifungi. Kwa namba 1 idadi ya kweli ni 48, kwa kuwa unaweza kuweka 1 au hasi 1 katika nafasi yoyote kati ya 24. Sehemu ya vigawo inatoa 16/691 tu, pungufu hata ya 1. Kinachobaki kinatokana na namba nyingine ambazo Ramanujan aliziita kwa herufi ya Kigiriki tau. Kwa mwenye kutaka kanuni safi, tau ni uchafu unaobaki kwenye ungo. Ramanujan hakuitupa. Alikisia kwamba haiwezi kukua kupita kiwango fulani, maana yake kwa namba kubwa sehemu ya vigawo ndiyo itakayotawala na mabaki yatakuwa madogo kwa kulinganisha. Kisio hilo lilikaa zaidi ya nusu karne mpaka Pierre Deligne alipolithibitisha mwaka 1974, akitumia jiometri ambayo wakati wa Ramanujan haikuwapo hata kwa jina. Kwa hiyo nakubali kwamba kanuni nyepesi zinakwisha, lakini palipokwisha ndipo palipochimbuka mengi zaidi. Na yote yalianza kwa sababu mtu alihesabu njia na akakataa kupuuza kilichozidi.

Pingamizi la mwisho sina la kulipinga, na ni vizuri lijulikane. Hata hesabu kamili kabisa haisemi kila kitu. Badala ya nukta za karatasi ya mirabamiraba unaweza kupanga nukta kwa mtindo mwingine, katika vipimo vingi kuliko viwili au vitatu, na ukauliza vilevile: kwa kila umbali kutoka kitovu, nukta ni ngapi? Katika vipimo 16 kuna mipangilio miwili, iliyochunguzwa na Ernst Witt mwaka 1941, ambayo kila mmoja una nukta 480 katika umbali wa karibu zaidi, na idadi zao zinaendelea kulingana katika umbali wa pili, wa tatu na kila umbali unaofuata, bila tofauti hata ya nukta moja. Hata hivyo mipangilio hiyo si mpangilio mmoja: huwezi kuugeuza au kuuzungusha wa kwanza ukawa wa pili. John Milnor aliutumia ukweli huo mwaka 1964, katika makala ya ukurasa mmoja hivi, kuonyesha kwamba kuna maumbo mawili tofauti ambayo, kama yangeweza kupigwa yakatoa sauti, yangetoa sauti zile zile kabisa. Miaka miwili baadaye Mark Kac aliuliza kama jambo hilo linawezekana kwa ngoma za kawaida, zenye uso bapa kama ngozi iliyowambwa, na ilibidi kungoja hadi 1992 ndipo Carolyn Gordon, David Webb na Scott Wolpert walipopata ngoma mbili za namna hiyo, zenye pembe nyingi na umbo lisilofanana, sauti zake zikiwa sawa.